Mnaojifunza Kihispania: mkazo wa vitenzi ndio unaotuumbua, na dawa yake iko kwenye "kondoo" na "mzee"

Nyumbu_wa_Kaskazini (mwanzisha uzi)

Wakuu, za jioni. Mimi ni dereva na mwongoza watalii huku Arusha. Kihispania nimejifunza kwa kuungaunga: daftari, sauti za kwenye simu nikiwa njiani, na wageni wenyewe. Humu naona nyuzi nyingi za "nianzie wapi Kihispania", watu wanapeana orodha za maneno. Si vibaya. Ila kuna jambo moja sijaona mtu akiligusa, na ndilo lililoniaibisha mbele ya watu sita.

Tuko Seronera, ndani ya Serengeti, asubuhi, fisi wanamalizia mzoga wa nyumbu. Simba jike amelala pembeni tumbo limejaa. Nilishamwonyesha kwa kidole, kwa hiyo sikuona haja ya kumtaja tena. Nikasema kwa kujiamini: "Ayer mato un ñu, aquí mismo." Kimya. Halafu mama mmoja wa makamo akaniuliza kwa upole kabisa: "¿Tú?" Yaani, wewe? Gari zima likaangua kicheko.

Nilichokusudia ni "mató", ma-TÓ, aliua. Nilichotamka ni MA-to, naua mimi. Niliwaambia wageni kwamba jana mimi mwenyewe naua nyumbu pale pale. Herufi zilezile nne, silabi zilezile mbili. Kilichobadilika ni mahali nilipoweka uzito tu.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu, nikagundua kosa halikuwa la bahati mbaya. Ni Kiswahili changu kilichokuwa kinaongea Kihispania.

Sisi mkazo wetu una makao: silabi ya pili kutoka mwisho. BA-ba, ki-TA-bu, wa-na-fu-NZI-shwa. Hatufikirii hata kidogo. Na ukirefusha neno, mkazo unahama nalo. Sema LE-ta. Sasa le-TE-a. Sasa le-te-A-na. Sasa le-te-a-NE-ni. Unaona unavyotembea? Kila neno likiota mkia, mkazo unapiga hatua mbele, kama kondakta anayesogea mlangoni kila abiria anapoongezeka.

Kihispania hakifanyi hivyo. Ukibandika vijineno kama "me" na "lo" mwishoni mwa kitenzi, mkazo ukishakaa, umekaa. COM-pra, nunua. CÓM-pra-me, ninunulie. CÓM-pra-me-lo, ninunulie hicho. Neno limefika silabi nne na mkazo bado uko kule kule kwenye COM. Ndiyo maana "compra" haina alama juu lakini "cómprame" na "cómpramelo" zinayo. Ile alama, wao huiita tilde, si pambo. Ni kama kibao cha barabarani kinachokwambia: usifuate mazoea, mkazo uko hapa.

Na mazoea yenyewe ni mepesi. Neno likiishia kwa irabu, au n, au s, mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Likiishia kwa konsonanti nyingine yoyote, mkazo uko silabi ya mwisho. Likivunja kanuni hiyo, lazima livae tilde. Nilijiuliza sana kwa nini n na s tu zipewe upendeleo, hadi nilipoziangalia kwenye vitenzi: HA-bla, anasema. HA-blas, unasema. HA-blan, wanasema. Hizo s na n ni mikia ya nafsi, zinabandikwa mwishoni bila kugusa mkazo. Kanuni imewekwa hivyo ili nusu ya vitenzi vya lugha nzima isilazimike kubeba tilde.

Sasa tatizo letu ni kwamba kwenye vitenzi, mkazo ndio unaobeba nafsi na wakati. Sisi kazi hiyo tumewapa viambishi vya mbele: ni-li, a-li, u-ta. Mtu akisikia "a-li" tu ameshajua ni nani na lini, mengine ni ziada. Mhispania anasubiri mwisho wa neno. Hablo, nasema. Habló, alisema. Hable, aseme. Hablé, nilisema. Kuna neno moja wanapenda kulitolea mfano: TÉR-mi-no ni kikomo au istilahi, ter-MI-no ni namaliza, ter-mi-NÓ ni alimaliza. Mswahili akiachiwa peke yake, yote matatu anayasoma ter-MI-no. Matatu kwa bei ya moja.

Dawa niliyoipata mimi inatoka nyumbani. Kiswahili kina maneno ambayo ukiyasikia haraka mkazo uko mwishoni: kondoo, mzee, balaa. Kisilabi kanuni haijavunjwa, kwa sababu ni ko-ndo-o, mkazo upo kwenye "ndo". Ila sikio linasikia mwisho mzito. Basi nikiona tilde juu ya irabu ya mwisho, kichwani naiandika mara mbili. Habló naisoma "habloo", kama kondoo. Hablé ni "hablee", kama mzee. Hablará, atasema, ni "hablaraa", kama balaa. Mató ni "matoo". Tangu siku hiyo sijaua nyumbu tena.

Naomba kuwasilisha. Wenye ujuzi zaidi karibuni mnirekebishe.

BintiPangani

Kaka, nimecheka hadi mtoto kaamka. Swali: "hablar", "comer", "vivir" mbona kwangu zinatoka HA-blar, KO-mer? Mwalimu wangu wa mtandaoni kila siku ananikatiza hapo hapo.

Nyumbu_wa_Kaskazini

Dada, hizo zinaishia kwa r, kwa hiyo mkazo uko mwishoni bila kuhitaji tilde. Wewe zifanye za Kiswahili kwanza. Mswahili hapendi neno liishie kwa konsonanti, sema "hablari", "komeri", "biviri". Mkazo si umeshakaa penyewe? Ha-BLA-ri. Sasa imeze hiyo i ya mwisho. Hapo hapo umeshapata hablar.

BintiPangani

Imekubali! Nimejaribu mbele ya kioo.

Mjumbe_Mkavu

Mnajitesa. Mgeni ataelewa tu kwa muktadha. Wenyewe kwenye jumbe za simu hawaweki hizo tilde.

Nyumbu_wa_Kaskazini

Mkuu, ni kweli kwenye simu wengi wanaziruka. Lakini anayeziruka kwa maandishi haziruki mdomoni. Na muktadha hausaidii kila mara, kwa sababu Kihispania mtenda hatajwi kama haihitajiki, sawasawa na kwetu. "Llegó el martes", alifika Jumanne. "Llego el martes", nafika Jumanne. Ukiwa wewe ndiye wa kwenda kumpokea mtu uwanja wa ndege wa KIA, hiyo tofauti ni safari nzima ya gari.

Mwalimu_Zamu

Kijana, uzi mzuri. Nimefundisha Kiswahili sekondari hadi nikastaafu, Kihispania sikijui, lakini nina mawili ya kuongezea upande wetu.

La kwanza, usiseme Kiswahili hakina kabisa maneno yanayotofautiana kwa mkazo. Bara-BA-ra ni njia ya magari. Ba-RA-bara ni sawasawa, vema kabisa. Ni machache, lakini yapo, na wanafunzi wangu walikuwa wakikosea kuyasoma kwa sauti.

La pili ni zito zaidi. Umewahi kujiuliza kwa nini tunasema "anakula" na si "anala"? Hiyo "ku" inafanya nini pale, wakati kwenye "anasoma" hatusemi "anakusoma" kwa maana hiyo? Maelezo ya wanaisimu yanarudi kwenye mkazo huo huo unaousema. Mzizi wa kula ni -l-, ukiweka irabu unapata silabi moja tu, "la". Mkazo unataka silabi iliyo kabla yake, na hapo ingekuwa "na" ya wakati. Lakini -na-, -li-, -me- na -ta- hazikubali kubeba mkazo. Basi "ku" inabaki ili iubebe: a-na-KU-la, a-me-KU-la, a-ta-KU-la. Palipo na kiambishi kinachokubali mzigo, "ku" inaondoka: a-KI-la, HA-li. Na ukitaja kitu kinacholiwa kwa kiambishi, "ku" haina kazi tena: a-na-I-la nyama. Kwa hiyo hata kwetu mkazo unaamua sura ya kitenzi. Tumezoea tu hadi hatuoni.

Nyumbu_wa_Kaskazini

Shikamoo Mwalimu. Hili la "ku" sikuwahi kulijua, na nimelitamka maisha yangu yote. Umenifungulia njia ya jambo nililokuwa nasita kuliandika kwa kuhofia urefu.

Mwalimu_Zamu

Marahaba. Andika.

Otieno_wa_Eastlands

Boss, kabla hujaandika: hii ya kondoo imeweza. Lakini nisaidie na hizi za kubadilika katikati. Pienso, piensas, piensa, halafu ghafla pensamos, kisha piensan. Mimi nazikariri kama mashairi ya shule ya msingi na bado nazichanganya.

Nyumbu_wa_Kaskazini

Hilo ndilo nililotaka kuandika. Na jibu ni la Mwalimu: mkazo unaamua sura ya kitenzi.

Chukua pensar, kufikiri. Weka herufi kubwa penye mkazo: PIEN-so, PIEN-sas, PIEN-sa, pen-SA-mos, pen-SÁIS, PIEN-san. Umeona? Mkazo ukiwa juu ya mzizi, e inapasuka kuwa ie. Mkazo ukihamia kwenye mkia, mzizi unapumzika na e inarudi kama ilivyokuwa. Dormir, kulala, ni hivyo hivyo kwa o: DUER-mo, DUER-mes, DUER-me, dor-MI-mos, dor-MÍS, DUER-men. Na contar, kuhesabu au kusimulia: CUEN-to lakini con-TA-mos.

Chanzo ni Kilatini. Irabu fupi e na o za Kilatini zilipokuwa chini ya mkazo zilivunjika kuwa ie na ue. Zisipokuwa na mkazo zilibaki nzima. Kwa hiyo hukariri nafsi sita. Unauliza swali moja tu: mkazo uko wapi?

Si kila kitenzi chenye e au o kinafanya hivi, hapo lazima ujue kitenzi chenyewe. Ila ukishajua kwamba kinafanya, hutakosea wapi.

Otieno_wa_Eastlands

Wah. Miezi minne nimekuwa nikikariri kitu chenye sababu.

Mbeba_Mizigo_Valencia

Wadau, mimi niko Valencia mwaka wa saba, Kihispania ndicho nachokulia ugali. Mtoa uzi yuko sahihi, ila nina tahadhari tatu.

Kwanza, kondoo yako mkuu usiivute. Irabu ya Kihispania hairefuki kama yetu. Ukisema "hablooo" unachekwa vingine. Weka uzito, usiweke urefu. Itumie kama ngazi, ukishapanda iache.

Pili, silabi. Sisi kila irabu ni silabi yake: u-a, ka-a, ki-mbi-a. Wao i na u zisizo na mkazo zikikaa karibu na irabu nyingine zinaungana nayo. Limpia, anasafisha, ni silabi mbili: LIM-pia, mtamko wake kama "limpya". Mswahili yeyote akiiona anaisoma lim-PI-a, kama limia na kimbia. Cambia ni CAM-bia. Estudia ni es-TU-dia. Mimi mwaka wa kwanza kazini nilikuwa nasema "lim-PI-o" hadi msimamizi akawa ananiiga.

Lakini hapo hapo tuna bahati. I ikivaa tilde, irabu zinatengana, na unapata mtindo wetu kabisa: co-MÍ-a, alikuwa akila. Vi-VÍ-a, alikuwa akiishi. Ha-bla-RÍ-a, angesema. Hizo Mswahili anazitamka tangu siku ya kwanza kama amezaliwa Salamanca, kwa sababu ni -pigia, -limia, -andikia tupu. Balaa liko pale zinapokaa jozi: HA-cia ni kuelekea, ha-CÍ-a ni alikuwa akifanya. SA-bia ni mwanamke mwenye hekima, sa-BÍ-a ni alikuwa akijua. Sisi tunasema ya pili siku zote.

Na kuna wale wajanja wanaobadilika ndani ya kitenzi kimoja. Enviar, kutuma: en-VÍ-o, natuma, lakini en-via-mos, tunatuma, i imeungana tena na mkazo uko kwenye "via". Reunir, kukusanya: re-Ú-no, lakini reu-NI-mos. Prohibir, kukataza: pro-HÍ-bo. Ile h haina sauti na haizuii chochote, msiihesabu.

Tatu, hablara bila tilde na hablará yenye tilde ni vitu viwili. Ha-BLA-ra ni ya masharti, "kama angesema". Ha-bla-RÁ ni atasema. Kwenye barua ya ofisi hiyo tilde ukiisahau umebadilisha ahadi kuwa dhana.

Nyumbu_wa_Kaskazini

Mkuu wa Valencia, asante. Hiyo ya limpia imenigusa, "limpia el coche" nimeisema vibaya kwa miaka.

Niongeze moja kuhusu kugawa silabi, maana kuna mahali tunatofautiana kinyumenyume. Sisi mb, nd, ng zinakwenda pamoja na irabu inayofuata: ki-mbi-a, pe-nda, u-nga. Wao sauti ya puani, m au n, inafunga silabi iliyotangulia: cam-bio, can-to, ven-go. Lakini bl, br, cl, cr, dr, fl, fr, gl, gr, pl, pr na tr hawazitenganishi: ha-blo, a-bro, com-pro. Na s haianzi silabi ikifuatwa na konsonanti nyingine: es-cri-bo, es-toy. Ll, rr na ch ni sauti moja moja, hazikatwi: co-rrer, es-cu-cho.

Kuna kinachonifurahisha zaidi. Silabi na viungo vya neno haviendi pamoja, kwao wala kwetu. Hablábamos, tulikuwa tukisema, ina viungo vinne: habl ndio mzizi, a ni irabu ya kundi lake, ba ni wakati, mos ni sisi. Lakini mdomo unakata ha-blá-ba-mos, umechana mzizi katikati. Kwetu "nilimpenda" ina ni, li, m, pend, a. Mdomo unakata ni-li-m-pe-nda, umechana pend katikati vilevile. Tofauti ni kwamba sisi "nani" tunaweka kichwani, wao wanaweka mkiani.

BintiPangani

Mimi nina kitabu cha Kihispania cha mtumba, karatasi zimegeuka njano. Kinaandika "fué" na "dió" na tilde. Mwalimu wangu anasema ni kosa. Nani mwongo?

Mbeba_Mizigo_Valencia

Hakuna mwongo, dada. Angalia mwaka wa kuchapishwa. Zamani iliandikwa fué, fuí, vió, dió. Real Academia Española, chombo kinachosimamia lugha yao, ilitoa kanuni mpya 1952, zikawa za lazima 1959, na tilde hizo zikaondolewa, kwa sababu neno la silabi moja halina mahali pengine pa kuweka mkazo. Baadaye, mwaka 1999, walisema pia kitenzi kilichobandikwa kiwakilishi kifuate kanuni ya kawaida: zamani "déme", nipe, sasa "deme" bila kitu. Lakini "dé" peke yake bado ina tilde, ili isichanganywe na "de" ya umilikaji. Usiitupe hiyo kitabu, ila usiinakili.

Mwalimu_Zamu

"Usikitupe hicho kitabu", kijana. Kazi za Valencia zisikupotezee ngeli.

Mbeba_Mizigo_Valencia

Nimepokea, Mwalimu 😂

Otieno_wa_Eastlands

La mwisho kutoka kwangu. Naona video za Waargentina, wanasema "pensás", "dormís", "tenés" wakimwambia mtu mmoja. Hiyo ni Kihispania gani, na mbona ile ie imepotea?

Nyumbu_wa_Kaskazini

Wao wanatumia "vos" badala ya "tú". Na hebu jijibu mwenyewe, swali ni lile lile: mkazo uko wapi?

Otieno_wa_Eastlands

Pen-SÁS. Uko mwishoni. Kwa hiyo mzizi haubebi kitu na e inabaki e. Aaaah.

Nyumbu_wa_Kaskazini

Ndiyo hivyo. Hata amri zao ni hivyo: Madrid watakwambia "MI-ra", tazama. Buenos Aires "mi-RÁ". Nilibeba familia kutoka Rosario, mji wa Argentina, mwezi uliopita, kila twiga ni mirá, mirá, mirá, kuanzia lango la Manyara hadi kambini. Kondoo tupu.

BintiPangani

Na ukiwaambia "niambie"?

Nyumbu_wa_Kaskazini

"Decime", de-CI-me. Irabu mwishoni, mkazo wa pili kutoka mwisho, haina tilde. Hiyo soma tu kama Mswahili.